Misa Niliyoinakili Guangzhou

Kwa miezi mitano nilinakili noti za mzee mmoja Mbrazili, mtunzi wa muziki wa okestra na kwaya, katika ghorofa ya kumi na tisa mjini Guangzhou. Kazi hiyo ndiyo iliyonifukuzisha China. Kwa miaka sita baadaye ililala kitandani kati yangu na mume wangu.

Wakati huo nilikuwa mfanyabiashara wa nguo za watoto. Nina duka Masasi, na mara tatu kwa mwaka nilipanda ndege kwenda kununua. Asubuhi na mapema nilikuwa soko la Shisanhang kutafuta magauni, mchana soko la Shahe kwa fulana na kaptula za bei ya chini, na sare za shule nilizishonesha Kangle, kijiji kilichomezwa na mji, ambako cherehani zimewekwa hadi jikoni. Nilikuwa nachangia chumba na mwanamke wa Dar es Salaam, muuza mapazia, Mwislamu mwenye sala tano na ulimi wa wembe. Yeye ndiye rafiki pekee niliyetoka naye China.

Jumapili nilikwenda kanisani, lile kanisa kubwa la mawe lenye misa ya Kiingereza mchana, linalojaa Waafrika na Wafilipino. Utotoni masista walinifundisha kupiga kinanda na kusoma noti za mistari, kwa hiyo mpigaji wao akikosekana walinikalisha mimi. Siku moja, misa ilipokwisha, mzee mrefu mwenye mvi alikuja akasimama juu ya kichwa changu. Rangi yake ilikuwa ya maji ya kunde na koti lake lilimpwaya mabegani.

"Mkono wako wa kushoto mvivu," aliniambia kwa Kiingereza cha kuokoteza.

Nilisikia Kireno katika lafudhi yake, nikamjibu kwa lugha hiyo kwamba mkono umechoka kubeba marobota. Alinishika bega kama mtu aliyeona ndugu sokoni.

Kireno nilikipata kwa mama. Alivuka Ruvuma akikimbia vita ya Wareno, akaolewa upande wetu, na lugha ile aliibakiza kwa ajili ya kutugombeza. Kwa hiyo Kireno changu ni cha kugombezwa: nyamaza, osha vyombo, funga mlango. Mzee alicheka hadi akatoa leso. Nyuma yake alisimama binti yake, mwanamke wa makamo aliyekuwa mkaguzi wa viatu katika kampuni ya kwao. Kila siku alikuwa njiani kwenda viwandani Dongguan kuangalia soli na gundi. Mama yake alikuwa amefariki, na kwa kuwa baba asingeweza kuishi peke yake, alimhamishia China, mahali ambapo mzee hakujua hata neno la kuombea maji.

Binti ndiye aliyenieleza shida. Baba yake alikuwa na misa anayoitunga kwa ajili ya marehemu mke wake. Yote ilikuwa kichwani, ila mikono ilikuwa inamtetemeka, na akishika penseli vidoti vinaanguka kwenye mistari isiyo yake. Kama ningeweza kwenda siku tatu kwa wiki, mzee angetamka kwa sauti nami niandike.

"Kampuni yetu itakuandikia barua," alisema. "Viza isikuumize kichwa."

Na viza ndiyo iliyokuwa ikituumiza vichwa wote. Zamani ulimpa wakala pasipoti, ikarudi na miezi mingine. Lakini tangu Wachina waandae ile michezo mikubwa ya Beijing mlango ulifungwa, na michezo ilipokwisha hawakuufungua. Ulipewa siku thelathini, na ukiomba kuongeza unaambiwa *meiyou*, hakuna, neno lile lile la muuza duka asiyetaka kukuhudumia. Kwa hiyo barua ya kampuni ilikuwa kitu kikubwa. Lakini nisisingizie shida peke yake. Hata pasipo barua ningekwenda. Tangu niache shule hakuna mtu aliyekuwa amenihitaji kwa kitu kingine zaidi ya bei.

Kazi ilikuwa hivi. Mzee alikaa kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha, akafumba macho, akaanza kutamka chombo kimoja baada ya kingine. "Viola. Nusu. Fa. Iunganishe. Pumziko." Niliandika kwa penseli kwenye karatasi pana zenye mistari, kisha nikamwimbia kile nilichoandika, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, besi. Nikikosea alipiga mkono wa kiti. Nikipatia alikaa kimya, na kimya hicho ndicho kilikuwa sifa yake.

Kati ya ukurasa na ukurasa alinisimulia maisha yake. Alizaliwa katika mji mdogo wa wafuga ng'ombe. Baba yake alikuwa kinyozi na kiongozi wa bendi ya mji, ile ya matarumbeta inayotangulia maandamano ya watakatifu. Akiwa na miaka kumi alikuwa tayari ananakili noti za bendi kwa niaba ya baba yake. Parokia ilimchangia nauli, akaenda jiji kubwa kusomea muziki. Simfoni yake ya kwanza ilipigwa akiwa na miaka ishirini na saba, na nusu ya ukumbi ilitoka kabla haijaisha. Hilo alilisimulia kwa fahari.

Kisha wanajeshi walichukua nchi. Jenerali alipotaka kutembelea jimbo lao, ofisi ya gavana iliagiza machi, muziki wa gwaride, ya kumpokelea.

"Ukaandika?" nilimuuliza.

"Mke wangu alikuwa mjamzito. Niliandika kwa siku mbili. Dakika nne, binti yangu. Dakika nne za tarumbeta."

Rafiki zake wawili aliosoma nao walikuwa gerezani siku ile. Waliisikia machi kwenye vipaza sauti vya uani, na walijua mkono wake. Wanajeshi walipoondoka, walionusurika ndio waliopewa kumbi na redio, na hakuna aliyetaka kupiga muziki wake tena. Aliandika simfoni mbili nyingine. Aliandika opera ya wachimba dhahabu iliyoonyeshwa jioni mbili tu. Aliandika kwarteti tisa za vyombo vinne vinne, nne kati yazo hazijawahi kusikiwa na mtu yeyote ila yeye. Kitu pekee kilichoishi ni kiwimbo cha chekechea kuhusu siafu aliyebeba jani. Watoto wa Brazili yote wanakiimba na kudhani kilikuwapo tangu dunia iumbwe.

Aliniimbia. Nilimwambia nakipenda kuliko misa. Alininunia siku mbili.

"Katika misa hii hamna tarumbeta hata moja," nilimwambia siku nyingine, nilipoona orodha ya vyombo.

"Tarumbeta nilizimaliza," alisema.

Nilimpenda, sifichi. Nilimpenda kama mtu anavyompenda mwalimu mkali aliyechelewa kumpata. Ndiyo maana miezi ile sikuangalia kalenda vizuri.

Wengine waliiangalia kwa niaba yangu. Mtaa wa Xiaobei, mahali Watanzania tunapokula ugali na kupeana habari za kago, ilianza kusemwa kwamba mama wa Masasi amepata Mzungu wa ghorofani. Rafiki yangu wa mapazia alinitetea mbele za watu. Chumbani alinibana.

"Shoga, huko juu mnaandika nini miezi mitatu? Mnashusha kitabu kipya?"

"Misa. Nimeshakwambia."

"Misa gani haina watu?"

Maneno yalifika Masasi pamoja na marobota yangu. Mume wangu alinipigia.

"Nasikia una mzee huko."

"Ni kweli. Namwandikia noti."

"Noti za benki?"

"Noti za muziki, baba watoto. Macho yake yanaona, mikono ndiyo haiwezi."

Nikasikia watoto wanabishana nyuma yake. "Mama," alisema, "nguo za Krismasi zimefika, wewe hujafika." Akakata.

Viza yangu ilikuwa imeisha tangu mwezi wa pili, wakati tunaingia kwenye Nasadiki, sehemu ya katikati ya misa. Nilimkumbusha binti kuhusu barua. Alisema wiki ijayo, mkurugenzi yuko safarini. Wiki iliyofuata alisema barua ipo, inasubiri muhuri. Baadaye alianza kurudi nyumbani baada ya mimi kuondoka, akaniachia chai ya maziwa na vipande vya keki chini ya sahani, na hakuna karatasi pembeni yake.

Huko mitaani mambo yalibadilika. Polisi walisimama kwenye daraja la waenda kwa miguu pale Xiaobei, upande huu na upande ule. Ukishapanda ngazi huna pa kutokea. "Passport, passport." Mwanamume mmoja tuliyekuwa tukisafirisha naye mzigo alikimbia kupitia ngazi za nyuma za hoteli, akaanguka na kuvunja nyonga. Mgahawa wetu ulibaki na viti. Watu walipigiana simu kuulizana barabara ipi ni safi. Laobani wa Kangle, yule bosi wa cherehani aliyeshona sare zangu miaka minne alianza kunihudumia mlangoni, nisionekane ndani. Nami nilikwenda kwa mzee kwa mabasi matatu ya kuzunguka, nimevaa kofia na barakoa, nikiwa na nakala tu ya pasipoti.

"Rudi nyumbani," rafiki yangu aliniambia. "Karatasi zako zimekufa. Ukienda uwanja wa ndege mwenyewe wanakutoza faini na kukuachia. Wakikushika wao, mambo mengine."

"Imebaki Mwanakondoo tu," nilisema. Nilimaanisha sehemu ya mwisho ya misa, ile ya Mwanakondoo wa Mungu.

"Kwani mnapika?"

Nilicheka peke yangu. Yeye alinitazama bila kucheka.

Tulikuwa kwenye ukurasa wa mwisho walipokuja. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa sebuleni. Mlinzi wa jengo aligonga, na nyuma yake walisimama polisi wawili, mmoja mtu mzima, mwingine kijana mwenye Kiingereza cha shule. Walikuwa wanapita mlango kwa mlango kukagua wageni. Pasipoti ya mzee ilikuwa sawa, viza ya kukaa na binti yake, mihuri yote. Mimi nikatoa nakala. Kijana aliisoma, akaisoma tena, akaniuliza ya kweli iko wapi, na kwa nini tarehe imepita. Kisha alimgeukia mzee.

"Huyu ni nani?"

Mzee alinitazama. Sijui kama alielewa. Nilimtafsiria: "Wanauliza mimi ni nani kwako."

Alisugua magoti yake. 

"Waambie unakuja kufagia."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mwalimu, waambie nakuandikia. Waambie habari ya barua ya kampuni. Karatasi hizi hapa mezani."

"Waambie unakuja kufagia," alisema, safari hii polepole, kwa sauti ile ile aliyonitamkia viola na pumziko. "Na kwamba sijui lolote kuhusu pasipoti yako. Watamfukuza kazi binti yangu. Waambie hivyo hivyo."

"Anasema nini?" polisi aliuliza.

Mle ndani mtu pekee aliyezimudu lugha zote mbili nilikuwa mimi. Ningeweza kumsemesha mzee chochote. Ningeweza kusema kwamba mimi ni katibu wake, kwamba barua inakuja leo, kwamba yeye ananidhamini. Nimekaa miaka mingi nikizitunga sentensi hizo, na zote ni nzuri. Siku ile nilitafsiri nilichoambiwa. Miezi mitano nilikuwa nimezoea kuandika anachosema bila kuongeza wala kupunguza, na nadhani kinywa changu kilifanya kile ambacho mkono ulikuwa umekizoea.

"Anasema mimi ni mfagiaji," nilimwambia kijana kwa Kiingereza. "Anasema hajui habari za pasipoti yangu."

Kijana alitazama meza, zile karatasi pana. Alitazama vidole vyangu, vyeusi kwa penseli. Halafu alikwepesha macho na kuniambia nichukue mkoba.

Nilikuwa nimefika mlangoni mzee aliponiita. Niligeuka haraka. Kwa sekunde ile nilikuwa nimeshamsamehe.

"Zile viola za mstari wa mwisho," alisema, "umeziwekea alama za flati?"

"Nimeziweka, mwalimu."

Na ni kweli, nilikuwa nimeziweka.

Walinifungia siku kumi na tisa. Chumba kilikuwa na wanawake kumi na mmoja, na choo bila mlango. Mwanamke mmoja Mganda alilia kila asubuhi saa ile ile, kisha akanyamaza na kusuka nywele za wenzake. Hawakutupiga. Walituhesabu tu, mara nne kwa siku, na kutuuliza nani atatuletea tiketi. Rafiki yangu wa mapazia ndiye aliyeniletea. Aliuza sehemu ya mzigo wake kuinunua, na mpaka leo akiulizwa husema aliikuta barabarani.

Kabla ya hapo alikuwa amekwenda kwenye lile jengo kumtafuta binti wa mzee. Hakuruhusiwa kupanda. Binti alizungumza naye kwa simu ya mlinzi: baba ana presha, kampuni imekataza, barua ilikuwa njiani, anasikitika sana.

"Anasikitika kwa Kiingereza kizuri," rafiki yangu aliniambia kupitia wavu. "Mimi nilimtukana kwa Kiswahili, ili tusielewane sawasawa."

Nilipigwa marufuku kuingia China miaka mitano. Mume wangu alinipokea stendi ya Masasi. Alichukua begi langu, akanipa pole ya safari, na hakuuliza kitu. Hakuuliza wiki ile, wala mwaka ule. Niliposema mwenyewe alisikiliza huku akiangalia chini, kama mtu anayevumilia hotuba, na mwisho alisema "Sawa." Shangazi yake ndiye aliyenieleza waziwazi kwamba mjini kote wanajua nilifumaniwa nyumbani kwa mwanamume nikafukuzwa. Na lipi ningekanusha? Nilikutwa kweli. Nyumba ilikuwa ya mwanamume kweli.

Duka lilidhoofika. Nilinunua cherehani mbili nikaanza kushona sare mwenyewe. Paroko alikuja kuniomba nirudi kwenye kinanda. Nilimwambia vidole vinaniuma, naye akaviombea.

Mwaka wa sita rafiki yangu alinitumia bahasha kwa basi kutoka Dar. Yeye hakuacha kwenda Guangzhou. Binti wa mzee alikuwa amemtafuta kwa namba ambayo rafiki yangu aliiacha kwa mlinzi siku ile, akampa kitu: "Mpelekee mwenzako." Ndani kulikuwa na kijitabu cha tamasha, kwa Kireno, karatasi ya kung'aa. Mzee alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, nchini kwake. Misa iliimbwa katika mji mkuu wa jimbo lao, na waliandika kwamba watu walisimama kumpigia makofi marehemu.

Maisha yake yalikuwa ukurasa mmoja. Baba kinyozi alikuwapo, bendi ilikuwapo, siafu na jani walikuwapo. Machi ya jenerali haikuwapo. Miaka ile waliiruka kama mtu anayeruka dimbwi. Mwishoni iliandikwa kwamba akiwa mpweke barani Asia, bila msaada wa mtu, mtunzi aliishinda mikono yake inayotetemeka na kuandika kila noti mwenyewe.

Nilimwandikia binti. Sikutaka kitu, nilitaka tu aandike kwa waliochapa. Jibu lilikuja mistari mitatu. Baba aliwaambia watu hivyo kabla hajafa, naye hatamfanya baba yake mwongo kaburini. Alinishukuru kwa yote. Misa yenyewe sijawahi kuisikia ikiimbwa.

Kijitabu nilikiacha juu ya cherehani. Jioni mume wangu alikichukua kutazama picha, nami nilikuwa nakunja sare. Katikati walikuwa wamechapa picha ya ukurasa mmoja wa misa, mkubwa, rangi ya penseli inaonekana. Aliuangalia muda mrefu, kisha akausogeza karibu na taa.

"Hapa pameandikwa Kiswahili," alisema.

Nilikwenda kuona. Pembeni, kando ya mstari wa viola, kwa herufi ndogo, niliwahi kujiandikia: *muulize kesho*. Sikumbuki nilitaka kumuuliza nini.

"Hii ni hati yako."

"Ndiyo."

"Kumbe ulikuwa unaandika kweli."

Kwa miaka sita nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo. Ilipokuja nilitamani kumpiga nayo usoni. Nililala naye, nikampikia, nikamzika mama yake pamoja naye, na neno langu halikutosha. Ilibidi kampuni ya uchapaji ya Brazili imhakikishie.

"Nilikwambia," nilisema.

"Uliniambia," alikubali. Alikaa kwenye stuli, kijitabu magotini, akaanza kupitisha kidole juu ya vidoti kama anayesoma. "Niimbie kidogo basi. Hapa panasemaje?"

Sikumwimbia. Nilimwambia nina sare arobaini za kuwekea vifungo kabla ya Jumatatu, nikakaa kwenye cherehani. Alibaki pale na kijitabu chake. Baadaye nilimsikia anawaita watoto waje kuona hati ya mama yao.